Shemeji Shimoni

Tulimwacha shemeji amesimama ndani ya shimo la nguzo ya tatu, mikono kifuani, suruali imepigwa pasi hadi imekuwa na makali, akimwambia fundi: "Mimina zege. Unizike hapa hapa."

Wiki nzima watu wameniuliza kama fundi alimimina.

Alimimina.

Si toroli zima. Sepetu moja tu. Aliichota taratibu, kama mtu anayempakulia mgonjwa, akaimwaga kati ya viatu viwili vyeusi vilivyong'aa. Zege lilitua kwa sauti ya uji mzito.

"Una wazimu, wewe mwanamke!" shemeji akapiga kelele.

"Zege likishakutana na maji halisubiri kikao," fundi akajibu. "Umesema nimimine, nimemimina. Ya pili inakuja."

Kwa aliyetukuta njiani, mambo yako hivi. Mshonaji ni mjane. Nyumba yake imepakana na ya shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, na katikati hapakuwahi kuwa na kizuizi chochote. Shemeji ana ghorofa. Ghorofa ina roshani. Roshani ina kiti. Kiti hicho kinatazama moja kwa moja baraza la mshonaji, mahali ambapo wateja wake huvua nguo za zamani na kujaribu mpya.

Shemeji hakuona haya. Alikunywa chai yake huko juu, kisha akashuka kuwasimulia wanaume wenzake nani amenenepa na nani sidiria yake imeshikwa na pini. Mtaa ukampa jina: Mnara. Wateja wakaanza kupungua. Mshonaji alipolalamika, alijibiwa hivi: "Roshani yangu, macho yangu. Hutaki kuonwa, hama."

Hakuhama. Alimwita fundi wa uzio, mwanamke ambaye mafundi wenzake humwita Pimamaji, kwa sababu kile chombo cha kupimia usawa hakimtoki kwapani.

Shauri likapanda hadi kwa shangazi, dada wa baba yao marehemu, mkubwa pekee aliyebaki katika ukoo ule. Shangazi alitoa hukumu, na kila kitu katika hadithi hii kinaning'inia juu yake, kwa hiyo msomaji aishike vizuri. Uzio utajengwa mara moja tu. Jumamosi atakuja kuukagua. Ukimridhisha, utabaki na mshonaji atashona kwa amani. Ukianguka wenyewe, au mshonaji akiushusha kwa mkono wake au wa mafundi wake, haupandi tena, na cherehani inaondoka barazani. Lakini mtu wa nyumba ya pili, ile ya shemeji, akithubutu kuubomoa, nyumba hiyo hiyo itaujenga upya kwa jasho lake.

Ndiyo maana shemeji hakuja na nyundo. Alikuja na miguu. Kusimama shimoni si kubomoa.

Sepetu ya pili ilipoinuliwa, aliamua kutoka. Hapo akagundua jambo ambalo mchimbaji yeyote angemwambia bure: shimo la nguzo huchimbwa jembamba na refu ili libane. Lilimbana yeye. Mguu wa kushoto ulitoka kwa taabu. Wa kulia ukagoma.

Mshonaji akamnyooshea mkono. "Shika, shemeji."

"Sishiki mkono wako."

"Basi zoea hapo hapo. Tutakupaka rangi ufanane na nguzo wenzako."

Aliyemwokoa ni Mzee Randa, baba wa fundi. Mzee huyu alikuwa seremala maisha yake yote, na sasa alikuwa anamsaidia binti yake kazi, jambo lililompa fahari na kumkera kwa kipimo kimoja. Alimkumbatia shemeji kwa nyuma, akavuta. Shemeji akachomoka kama kizibo. Mguu wa kulia ulikuja na soksi. Kiatu kilibaki chini.

"Kiatu changu!"

Akapiga magoti. Akachelewa. Fundi alikuwa ameshaiteremsha nguzo ya alumini na jicho lake liko kwenye pimamaji.

"Sogea, unanitikisia nguzo."

Hapo lilitokea jambo la ajabu. Sauti ya shemeji ilishuka, ikawa karibu na ya adabu.

"Fundi, sikiliza. Nipe kiatu. Ukinipa kiatu, nitamwambia shangazi sina pingamizi. Jengeni mnavyotaka."

Mshonaji na fundi wakatazamana. Mtu aliyekuwa tayari kuzikwa akiwa hai ili uzio usisimame, sasa anauuza kwa kiatu kimoja!

"Kiatu gani hicho?" mshonaji akauliza. "Cha dhahabu?"

"Ni kiatu tu."

"Kama ni kiatu tu, kalale na kimoja."

"Shemeji, nakusihi."

Tangu mshonaji aolewe katika nyumba ile, hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Pengine angesita. Lakini alikumbuka ile pini ya sidiria, na jinsi mwenye sidiria alivyolia barazani pake na asirudi tena. Akampa fundi ishara kwa kidevu.

Toroli lote likaenda.

Shemeji aliondoka akichechemea, kiatu mguu mmoja, soksi mguu mwingine. Penye kona ya nyumba akageuka.

"Jumamosi!"

"Na wewe pia!" mshonaji akamjibu.

*

Jumamosi kukapambazuka baridi. Nguzo zilikuwa zimeshika, ukizigonga unasikia jiwe. Fundi na baba yake wakaanza kupanga vibao.

Mbao zenyewe si mbao hasa. Ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki na kukamuliwa kiwandani ukawa vibao virefu vya rangi ya kahawa. Mchwa hawavili, mvua haiviozeshi. Kila kibao huteremshwa kutoka juu, ncha zake zikipita katika mifereji ya nguzo, kinakaa juu ya mwenzake, na mwisho kifuniko hufungwa juu kwa skrubu. Ni kazi safi. Ukiitazama unadhani inajifanya yenyewe.

Kila mwisho wa kibao, ndani ya mfereji, fundi aliacha mwanya. Mzee Randa aliitazama mianya hiyo kama mtu anayetazama pengo kwenye kinywa cha mkwewe.

"Mwanangu, mbona kibao kinacheza?"

"Kinatakiwa kicheze, baba. Jua likipanda kitarefuka."

"Mbao hairefuki. Mbao hunenepa."

"Hii si mbao."

"Nimekula na mbao, nimekusomesha kwa mbao, leo unanifundisha mbao?"

"Ndiyo maana nakwambia hii si mbao. Nipe bisibisi, baba, shangazi anakuja."

Mzee akampa bisibisi. Hakumpa jibu. Kwa waliomfahamu, hiyo ilikuwa ishara mbaya kuliko jibu.

Fundi akahamia barazani kufunga kisitiri. Uzio peke yake hausaidii mbele ya mtu anayekaa ghorofani. Jicho lake huruka juu. Kisitiri ni fremu ya vibao vile vile, ila vimelazwa mshazari, hivyo upepo hupita na jicho halipiti. Alikifunga kuanzia ukingo wa paa hadi usawa wa kiuno. Kazi hiyo ilimchukua muda, na muda wote huo Mzee Randa alibaki peke yake kwenye uzio.

Wateja wawili wa mshonaji walikuwa wamekuja kujaribu nguo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mmoja alikuwa tayari amevaa gauni lenye mkono mmoja tu.

"Mnara yuko juu?" akauliza.

"Hata akiwapo," fundi akasema, skrubu mdomoni, "leo atatazama vibao."

Jua likapanda.

Shangazi akafika. Ni mwanamke mnene, mwenye miguu iliyovimba na sauti isiyovimba. Akawekewa kiti uani, kivulini, akaomba maji, akanywa, ndipo akasalimia. Shemeji akaingia kwa mlango wa mbele akiwa na mkewe. Mke huyo majirani humwita Bi Kimya. Hakuna aliyekumbuka alisema nini mara ya mwisho, wala lini.

Shangazi akatazama chini. "Mbona kandambili? Unakuja kwenye kikao changu kama unakwenda bafuni?"

"Viatu vimechakaa, shangazi."

"Vyote viwili kwa pamoja?"

Mshonaji akakohoa ili asicheke. Bi Kimya akamtazama mumewe miguuni, kisha akatazama kando.

Shangazi akainuka. Akatembea kando ya uzio, kiganja kikipapasa vibao. Akausukuma. Haukutikisika. Akausukuma tena kwa nyonga, na nyonga yake si ya mchezo. Haukutikisika.

"Mimi naona..." akaanza.

KRAAA!

Sauti ilitoka kati ya nguzo ya tatu na ya nne. Vibao vya pale katikati vilikuwa vimeanza kujitokeza mbele, polepole, kama tumbo la mtu anayevuta pumzi. KRAAA! Nguzo ya nne ikainama kidogo.

"Unaanguka!" shemeji akaruka, kandambili moja ikabaki nyuma. "Shangazi, shuhudia! Hakuna aliyeugusa! Unaanguka wenyewe!"

Fundi alikuwa ameshafika. Akalaza shavu kwenye nguzo, akachungulia ndani ya mfereji, akaingiza ncha ya plaizi. Akavuta, akavuta tena, akachomoa kipande kidogo cha mbao kilichobanwa hadi kikawa bapa.

Kabari.

"Kuna mtu ameziba mianya," akasema. "Vibao vimepata joto, vimerefuka, havina pa kwenda. Ndiyo maana vinatoka tumbo."

Mshonaji hakusubiri. Kidole chake kikamfikia shemeji kabla ya sauti.

"Ni yeye! Asubuhi tulikuwa barazani wote, uzio ulikuwa nyuma yetu. Nani mwingine? Shangazi, ameubomoa kwa hila, na hukumu yako unaijua!"

"Sikuugusa!" shemeji akasema. "Wallahi sikuugusa!"

"Ulisimama shimoni, utashindwa kuweka vijiti?"

"Nimesema sikuugusa!"

Shangazi alimtazama mpwa wake kwa jicho la mtu aliyewahi kuusikia uongo huo ukiwa mdogo. Akavuta pumzi ya hukumu. Neno moja tu lilibaki, na uzio ungejengwa upya kwa jasho la Mnara, mbele ya mtaa mzima.

Fundi aliigeuza ile kabari kiganjani.

Ilikuwa imerandwa pande zote. Pembe zake zilikuwa zimevunjwa kwa msasa ili zisikwaruze alumini. Mharibifu hapigi msasa. Katika mtaa ule, na pengine katika mji ule, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angepiga msasa kitu ambacho hakuna jicho litakalokiona.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa anajua hivyo. Mteja wake angeshinda, Mnara angeshindwa, na kazi ingelipwa mara mbili.

"Si yeye," fundi akasema.

"Unasema nini?" mshonaji akamgeukia.

"Nasema si yeye. Kwa mengine apigwe, kwa hili hapana. Uzio wangu hausimami juu ya uongo." Akageuka. "Baba."

Mzee Randa alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Vilikuwa vinacheza, mwanangu," akasema. "Mkubwa wa ukoo anakuja, na uzio wa binti yangu unacheza kama meno ya mtoto. Nikaona aibu. Nikavikaza."

"Vyote?"

"Vyote. Na hapo kwa nguzo ya tatu nikaweka mbili mbili."

Shemeji alipiga makofi. Alicheka hadi machozi. "Mnasikia? Fundi wake mwenyewe! Shangazi, maliza kazi. Cherehani itoke!"

"Itoke iende wapi?" fundi akasema. "Uzio haujaanguka."

"Huna macho? Tazama!"

"Natazama. Umesimama. Shangazi, ulisema ukianguka. Hukusema ukivimba."

Shangazi akarudi kitini, akanyoosha miguu yake mbele ya wote.

"Ni kweli," akasema. "Hata mimi nimevimba, na mbona sijaanguka. Una nafasi, binti, mpaka uguse chini."

"Lakini asitoe hata kibao kimoja!" shemeji akadakia. "Akitoa kibao, ameushusha!"

"Hilo nalo ni kweli," shangazi akakubali.

Basi fundi akabaki na kazi isiyofanyika. Kabari zimebanwa na vibao. Vibao vimebanwa na jua. Kufungua kifuniko na kuvitoa ni kuushusha. KRAAA! Skrubu moja ikaruka, ikapiga ndoo ya chuma karibu na bomba. Ngaa!

Fundi akaitazama ile ndoo.

"Maji!" akapiga kelele. "Kilichorefushwa na joto kitafupishwa na baridi. Mwageni maji! Yeyote mwenye mikono!"

Mshonaji akainyakua ndoo kabla sentensi haijaisha. Maji ya kwanza yakapiga vibao na kuchuruzika. Mteja mmoja akatoka barazani na sufuria. Yule wa gauni la mkono mmoja akatoka na beseni, pini zikimchoma, akimwaga na kulalamika, akilalamika na kumwaga.

"Nilikuja kupima kiuno mimi!"

"Kiuno kitapungua, mwaga!"

"Mtaharibu uzio wenyewe!" shemeji akasema. "Shangazi, wanacheza na maji hawa!"

"Maji hayabomoi," shangazi akasema. "Na kama yanabomoa, tutaona."

Bi Kimya alikuwa amesimama karibu na bomba. Pembeni yake kulikuwa na ndoo ya plastiki, imejaa. Akaiinua.

"Weka chini hiyo ndoo," mumewe akamwambia.

Bi Kimya hakuiweka chini. Alitembea nayo hadi kwenye uzio, akaimwaga yote juu ya nguzo ya tatu, kisha akarudi kujaza nyingine.

Fundi na Mzee Randa walikuwa wamechuchumaa kila mmoja kwenye nguzo yake, plaizi mkononi. "Inalegea!" mzee akaita. "Hii imelegea, mwanangu!" Kabari ikatoka. Ikafuata nyingine. Zilitoka zimebondeka, mzee akizitazama moja moja kama watoto walioshindwa mtihani, akizitia mfukoni. Tumbo la uzio likaanza kurudi. Kabari ya mwisho ilipochomoka, vibao vilijinyoosha vyote kwa mpigo mmoja: tak!

Fundi akaweka pimamaji juu ya nguzo ya nne. Akaisukuma kidogo kwa bega. Akatazama tena.

"Imesimama," akasema.

Mteja mwenye gauni la mkono mmoja akapiga kigelegele, akasahau pini, akapiga ukelele mwingine wa aina tofauti.

"Bado sijasema neno langu," shangazi akakata furaha hiyo. "Upande huu nimeuona. Sasa nataka kuona kisitiri kutoka kule anakokaa Mnara."

Rangi ya shemeji ikabadilika. "Juu? Shangazi, miguu yako... Ngoja nipande kwanza nipange chumba."

"Nimekuogesha wewe. Chumba chako kitanionyesha kipi kipya?"

Akapanda, akipumzika kila baada ya ngazi chache, na hakuna aliyethubutu kumtangulia. Baada ya muda sauti yake ikasikika kutoka roshani.

"Mshonaji! Uko barazani?"

"Niko, shangazi!"

"Inua mkono!"

"Nimeinua yote miwili! Na ulimi nimetoa!"

"Sioni mkono, sioni ulimi. Naona vibao."

Mshonaji akafumba macho. Miaka yote hiyo akishona huku shingo imekakamaa, na sasa vibao.

Huko juu kukawa kimya. Kimya kikakaa sana kuliko inavyotakiwa kwa mtu anayetazama vibao.

Shangazi aliposhuka, mkononi alikuwa na kiatu. Cheusi, kinang'aa. Cha kushoto.

"Mwanangu," akamwambia shemeji, "kiatu kimoja kinafanya nini chini ya godoro?"

"Mwenzake yuko chini ya nguzo ya tatu," Mzee Randa akaeleza, kwa nia njema kabisa. "Alikiacha kwenye zege. Alitusihi sana tumrudishie."

"Aliwasihi?" Shangazi akaketi. Akakipindua kiatu, akakitikisa karibu na sikio. "Huyu tangu mdogo anaficha vitu kwenye viatu. Nilikuwa nakuta peremende zimeyeyuka humo, na mchwa... si mchwa, sisimizi, mstari mrefu hadi mlangoni. Nilidhani ameacha."

Vidole vyake vikaingia chini ya soli ya ndani. Vikatoka na ufunguo.

Ulikuwa umefungwa uzi mwekundu kwenye tundu lake. Mshonaji akauchukua polepole. Hakuhitaji kuujaribu. Uzi ulikuwa wake, na fundo lilikuwa lake. Hakuna mwingine anayefunga fundo la aina ile. Aliufunga mwenyewe, akampa mumewe. Ufunguo wa chumba kinachofungukia barazani. Ulipotea siku za msiba, na watu wakamwambia marehemu amezikwa nao.

"Uliutoa mfukoni mwake," akasema. "Kabla hajaoshwa."

"Niliuhifadhi tu. Kwa usalama."

"Usalama wa nani?" fundi akauliza.

"Sijawahi kuingia humo! Naapa!"

Shangazi akainua mkono, kelele zikakatika. "Cha kushoto tumekiona. Cha kulia kina nini?"

Shemeji akatazama nguzo ya tatu. Kwa muda alionekana mtu aliyekamatwa. Kisha kitu kikamjia. Uso ukalainika. Akatabasamu.

"Chimbeni, mwone," akasema. "Haya, fundi. Si una sururu? Ng'oa nguzo. Lakini ukiing'oa, uzio umeshuka. Na hukumu ya shangazi mnaijua kuliko mimi. Ukishuka, haupandi tena." Akaifuta kandambili kwenye mguu wa suruali. "Chagueni. Kiatu au uzio."

Hukumu ilikuwa ya shangazi, na ilikuwa imemnasa.

Mshonaji akaenda kwenye lundo la zana. Akainua sururu. Fundi akatikisa kichwa: usifanye. Mzee Randa akasogea, akasita. Mshonaji akapita kati yao wote, akasimama mbele ya shemeji, akamnyooshea mpini.

"Mguu wako, kiatu chako. Chimba wewe. Na ukimaliza, jenga."

Shemeji akaificha mikono nyuma. "Mimi? Sina haja na kiatu."

"Shika."

"Sishiki."

"Basi kitabaki pale, na mimi nitabaki hapa, na uzio utabaki kati yetu. Sitauza utulivu wangu kwa siri yako. Hata ungekuwa umezika mali ya mfalme, sing'oi."

Mpini ulibaki hewani kati yao.

Mkono mwingine ukaushika.

Ulikuwa umelowa bado kutokana na ndoo. Bi Kimya aliipokea sururu kama mtu anayepokea mtoto, akapima uzito wake, akatembea hadi nguzo ya tatu.

"Mke wangu," shemeji akasema. Tabasamu lilikuwa limeshatoka. "Rudi nyumbani. Hili halikuhusu."

Bi Kimya akageuka. Sauti yake ilikuwa nzito, na haikutetemeka.

"Nimefua soksi zako miaka yote. Viatu ulinikataza kugusa." Kisha akamwinamia shangazi kidogo, kwa heshima. "Shangazi, mimi ni mtu wa nyumba ya pili. Nikibomoa, nyumba yangu itajenga. Au nimekosea hukumu?"

"Hujakosea, mwanangu," shangazi akasema.

"Basi huyu aanze kutafuta saruji."

Na sururu ikapanda.